Kimkono cha Kushoto cha Gari la Sista

Wivu wangu kwa mwenzangu ulianza kabla hajanikosea neno lolote. Nimepekua kumbukumbu zangu mara nyingi nikitafuta kosa lake, walau moja dogo la kujitetea nalo, na sijalipata.

Tulijifunza ufundi wa magari pamoja, jeshini, wakati wa vita. Mwingereza alitupeleka kwenye joto la mpaka wa Somalia, tukawa tunalala hema moja na kutambaa chini ya malori yale yale. Vita vilipokwisha tulirudi Tanganyika, kila mtu na sanduku lake la spana. Mimi nilifungua gereji Njombe, banda la mabati pembeni mwa duka la Mhindi. Yeye alikuwa mtu wa Kitandililo, akaona abaki karibu na kwao. Alifungua gereji yake Makambako, pale barabara ya Njombe inapokutana na ile iendayo Iringa na Mbeya. Ni yeye aliyenipeleka Kitandililo nikapata mke. Mke wangu ni wa ukoo wake, wakiitana kaka na dada tangu utotoni, kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake.

Kila lori lililopanda kutoka Makambako lilileta sifa zake. Dereva alisimama juu yangu nikiwa nimelala chini ya lori lake, mafuta machafu yananidondokea kwenye paji la uso, akaanza kunisimulia jinsi fundi wa Makambako alivyoisikiliza injini kidogo tu, akaweka kidole mahali penye ubovu. Nilijibu, "Ndiyo, huyo ni mwenzangu, tulikuwa jeshini pamoja," na nikakaza nati mpaka ikalia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Cherehani ya mke wangu ilipoanza kukata uzi niliihangaikia jioni tatu. Mke wangu akasema, bila ubaya wowote, "Kaka akipita tumwonyeshe." Nilisukuma sahani ya ugali nikasema nimeshiba. Hakujua nimeshiba nini.

Basi mwaka mmoja, baridi ikiwa imeanza, Sista wa misheni akaja gerejini kwangu na gari lake. Alikuwa nesi Mzungu, mtu mzima, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na safi. Alikuwa na gari dogo jeusi la Kiingereza ambalo kila mtoto wa Njombe alilijua kwa mlio, kwa sababu ndilo lililomfikisha vijijini kupima wajawazito na kuchanja watoto.

"Kamwene, fundi," alisema. Salamu yetu ya Kibena alikuwa ameishika vizuri. "Gari langu limepoteza mkono mmoja."

Siku hizi gari likitaka kukata kona taa inameta, watu wanaiita indiketa. Magari ya wakati ule mengi yalikuwa na vimikono. Kila upande, kwenye nguzo iliyo kati ya milango, kulikuwa na mfereji mwembamba, na ndani yake kimelala kimkono cha bati chenye kioo cha rangi ya chungwa. Dereva alizungusha swichi iliyokuwa katikati ya usukani, umeme ukaenda kwenye koili, koili ikawa sumaku ikavuta kifimbo cha chuma, na kimkono kikachomoka ubavuni mwa gari, kimenyooka kwa pembeni, kinawaka. Watoto walipenda kukiona kuliko gari lenyewe.

Kimkono cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa mara kinatoka, mara kimegoma. Nilimwambia Sista cha kulia ndicho chenye kazi kubwa, kwa kuwa huko ndiko mtu anakokata barabara ya wenzake. Akatikisa kichwa.

"Kulia naweza kutoa mkono wangu mwenyewe dirishani," alisema. "Kushoto sina mkono. Na nyuma yangu kuna malori yanayobeba magome ya miti ya miwati, hayapunguzi mwendo."

Nilifanya kazi ile siku mbili, na nataka niieleze vizuri kwa sababu sikufanya kazi ya kipumbavu. Kwa kuwa cha kulia kilikuwa kinafanya kazi, nilijua betri na fyuzi ni nzima, maana vyote viwili vilipata umeme kwenye fyuzi moja. Nikafungua kile cha kushoto, nikakitoa, nikakiunganisha moja kwa moja na betri juu ya meza. Kikainuka, lakini kwa uvivu, kama mzee anayeamshwa. Kilikuwa kimejaa vumbi la barabara ya Igwachanya. Nikakisafisha, nikapaka grisi kwenye pini na kwenye kifimbo. Niliipaka kwa ukarimu, ile grisi nzito ya magurudumu, kama tulivyofundishwa jeshini. Kikaruka vizuri. Nikafungua na cha kulia, ambacho hakikuwa na ugonjwa, nacho nikakipaka ili vifanane. Nikavirudisha. Cha kushoto kikafanya kazi mara nne, mara ya tano kikagoma. Nikabadilisha waya kutoka kwenye fyuzi mpaka kwenye nguzo. Kikafanya kazi jioni, asubuhi kikagoma.

Siku ya tatu Sista akasema kwa upole kwamba ana safari ya Makambako, na kwamba amesikia huko kuna fundi mzuri wa umeme. Nikamwambia, "Mwendee. Ni mwenzangu." Nilitabasamu kabisa.

Alirudi siku iliyofuata. Alisimamisha gari mbele ya banda langu na kabla hajateremka akazungusha swichi. Kimkono cha kushoto kikachomoka, kikawaka. Akakirudisha, akakitoa tena. Alikuwa na furaha ya mtoto, hakuwa na nia ya kunidhihaki.

"Alifanyaje?" niliuliza.

"Aliniuliza swali moja tu. Usukani ukiwa umekaaje ndipo kinagoma? Nikafikiri, nikamwambia kinagoma usukani ukiwa umenyooka. Akakaa kwenye kiti akauzungusha usukani polepole, kinawaka, kinazimika, kinawaka. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mti wa usukani. Akaubadilisha. Alisema kimkono chenyewe yeye hatakigusa, kwa sababu wewe umeshakishughulikia."

Swali moja. Kwa siku mbili Sista alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka nilipokuwa, anasoma kitabu chake, na mimi sikumuuliza kitu. Niliona ni mwanamke, tena nesi, atajua nini kuhusu waya? Jioni ile nilimsimulia mke wangu, nikidhani nitapata huruma. Akacheka akasema, "Kaka ndivyo alivyo, anauliza." Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Wiki mbili baadaye baridi ya mwezi wa sita ikatushukia. Wasioijua Njombe hawaamini nikiwaambia kwamba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe na maji ya ndooni yana ngozi ya barafu. Asubuhi moja ya namna hiyo Sista alikuwa anakwenda Igwachanya kwenye kliniki. Kwenye njia ya kukatia kushoto alizungusha swichi, akapunguza mwendo, akakata. Kimkono hakikutoka. Lori lililokuwa nyuma yake halikuona ishara yoyote, likapiga breki, likateleza, likamgonga kwenye kona ya nyuma kisha likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Sanduku la dawa lilipinduka na chupa nyingi zikavunjika, na wanawake waliokuwa wakimngoja Igwachanya walirudi makwao na watoto wao.

Alikuja kwangu na gari lile lile, bati la nyuma limekunjamana.

"Mwenzako aliniambia amemaliza," alisema.

Nikafungua mfereji wa kushoto. Grisi yangu ilikuwa imeganda humo, nyeupe na ngumu kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria iliyolala nje. Kimkono kilikuwa kimenata ndani yake. Kwenye joto la Somalia grisi ile ilikuwa sawa. Mchana wa Makambako, jua likiwa kali, ilikuwa sawa. Kwenye sakitu ya Njombe, ule umande unaoganda asubuhi, iligeuka gundi. Nilielewa yote hayo kwa mara moja, nikiwa nimemgeuzia Sista mgongo.

Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema. Badala yake nilichukua tambara lenye petroli, nikafuta mpaka chuma kikang'aa, nikaweka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, nikamwambia ajaribu. Kikaruka.

"Wale wa Makambako wana haraka, Sista," nilisema. "Pale ni njia panda, magari ni mengi. Kazi yao ni ya mchana wa saa sita. Jua likizama imeharibika."

Akanishukuru. Nilivyomwona akishukuru nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Nilijisikia kama mtu aliyekula akashiba baada ya siku nyingi.

Neno lile la saa sita nililirudia kwa dereva mmoja, kwa utani. Dereva akalipeleka Makambako. Kabla mwezi haujaisha madereva walikuwa wanamwita mwenzangu Fundi Saa Sita, na baadhi yao walipitiliza gereji yake wakaja kwangu. Sista naye alikuwa ameombwa na wakubwa wa misheni atafute fundi wa kudumu, wa kuangalia magari yao, pampu ya maji na mtambo wa umeme wa hospitali. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekusudia kumtaja yeye. Akanitaja mimi.

Mwenzangu alikuja Njombe siku ya Jumamosi, amepanda juu ya lori la viazi, koti lake la jeshi limejaa vumbi. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda misheni, akamwomba Sista amruhusu alione gari. Sista akaniita na mimi, akisema mafundi wawili ni bora kuliko mmoja.

Nilimkuta amechuchumaa ubavuni mwa gari. "Kamwene, shemeji," alisema bila kuinuka. Alikuwa ameshafungua mfereji wa kushoto, akaona ni safi, unang'aa, una mafuta mepesi. Akakaa akiutazama. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua wa kulia.

Ule sikuufuta. Hakuna aliyejua kama kimkono chake kinagoma, maana Sista kwa mazoea alikuwa anatoa mkono wake dirishani, basi sikuukumbuka. Mwenzangu akachota grisi kwa kidole, akainusa, akaisugua kati ya vidole viwili. Grisi ile tuliipaka pamoja jeshini kwenye magurudumu mamia kwa mamia. Akaniangalia. Alinitazama kwa muda mfupi tu.

"Umeona nini, fundi?" Sista aliuliza.

"Ni baridi, Sista," alisema. "Grisi nzito inaganda huku kwenu. Nilipaswa kufungua vimikono vyote viwili siku ile nikaangalia. Sikuangalia. Kosa ni langu."

Akaomba tambara, akasafisha.

Alikula chakula cha mchana kwetu. Mke wangu alipika njegere na viazi, akamchinjia kuku ambaye alikuwa ameniambia anamtunza kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Wakaongea habari za Kitandililo, nani ameoa, nani amevuna vizuri, wakacheka. Mwenzangu hakugusia grisi wala Fundi Saa Sita. Cherehani akaitengeneza kwa bisibisi ndogo huku anapiga hadithi. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu, nikimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia. Ufundi wake nilikuwa nimeuzoea. Sasa alikuwa amenipita na kwenye utu.

Kazi ya misheni nilianza. Nilipewa chumba cha spana chenye mlango wa kufuli na meza nzuri ya mbao. Niliifanya wiki tatu. Kila asubuhi niliyaona magari yamepangwa na kila asubuhi gari dogo jeusi lilikuwa la mwisho kwenye mstari, bati lake la nyuma limenyooshwa vibaya. Wiki ya nne nilimfuata Sista kliniki. Alikuwa anapima uzito wa watoto, anamtoa huyu kwenye mizani anamweka yule. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi mbele ya akina mama wale wote, nikamwambia.

"Sista, grisi ile ilikuwa yangu. Ya vimikono vyote viwili. Niliiona siku ulipogongwa, nikaifuta, nikamsingizia mwenzangu."

Hakuacha kupima. Aliandika uzito wa mtoto, akamrudisha kwa mama yake, ndipo akanigeukia.

"Chupa nimeshazisahau," alisema. "Lakini kwa nini unaniambia mimi? Jina ulilolichafua si langu."

Nikapanda lori siku hiyo hiyo.

Nilimkuta mwenzangu gerejini kwake, Makambako, peke yake. Hapakuwa na gari hata moja uani. Niliona hilo kabla sijasalimia. Nikamweleza yote, tangu cherehani, tangu zile sifa za madereva. Alinisikiliza akiwa anafuta spana moja, ile ile, kwa muda wote nilioongea.

"Nilijua tangu siku ile," alisema.

"Basi kwa nini ulinifichia?"

"Sikukufichia wewe." Sauti yake ilikuwa na ukali ambao sikuwahi kuusikia hata jeshini. "Nilimfichia dada yangu. Angepita wapi Njombe, watu wakisema mume wake ni mwongo? Wewe ningekupiga na spana hii."

Nilichokisikia kifuani, na naona aibu kukiandika, ni wivu tena: kwamba hata katika kukasirika kwake alikuwa anamfikiria mke wangu zaidi ya nilivyomfikiria mimi.

"Unataka nifanye nini?" niliuliza.

Akaitupa spana sandukuni. "Twende ukanywe chai."

Kwenye hoteli ya chai ya njia panda walikuwepo madereva wapatao kumi, wanakula chapati. Mwenzangu aliketi, akaniacha nimesimama. Nikaelewa. Nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba lile jina la Fundi Saa Sita nililitunga mimi, kwa uongo, na kwamba kazi yake kwenye gari la Sista ilikuwa sahihi, iliyogoma ni grisi yangu. Kisha dereva mmoja, mwenyeji wa Ipelele, akaanza kucheka, akamwagikiwa na chai, na wenzake wakafuata. Kufikia jioni nilikuwa nimeshapewa jina langu. Niliitwa Bwana Grisi, kutoka Makambako mpaka Njombe, kwa miaka mingi. Wapo waliodhani ndilo jina langu la ubatizo.

Kazi ya misheni nilimwachia. Alikubali baada ya Sista kumwita mara mbili. Akahamia Njombe, akajenga nyumba nyuma ya kanisa, na madereva wakarudi kumsifu, safari hii nikiwa karibu zaidi kuwasikia. Mke wangu alijua yote, maana madereva hawana siri. Kwa siku kadhaa alinipakulia chakula, kisha akala jikoni peke yake. Kisha siku moja akanisogezea cherehani, akasema, "Inakata uzi tena. Usimwite kaka. Itengeneze wewe." Nilimuuliza, "Inakata ukishona nguo nzito au nyepesi?" Akaniangalia kwa mshangao, akanijibu, na nikaitengeneza.

Nisidai kwamba wivu uliisha. Uliniamsha asubuhi nyingi baada ya hapo. Nilichoweza ni kuufanya ukae kimya mbele za watu.

Mwaka uliofuata misheni ililetewa gari jipya, lenye taa za kumeta badala ya vimikono. Halikumaliza miezi mitatu taa zikaanza kumeta zote kwa pamoja, kushoto na kulia. Mwenzangu akanitumia ujumbe nije na spana zangu. Alikuwa ameshafungua ubao wa mbele, nyaya zimemwagika kama matumbo ya kuku.

"Mimi naona ni swichi," alisema. "Wewe unaonaje, shemeji?"

Nilimuuliza Sista maswali matatu. Kisha nikaenda nyuma ya gari, nikafungua taa, nikaona waya wa kurudishia umeme kwenye bodi la gari umeshika kutu mpaka umeachia, na umeme unarudi kwa kupitia taa za upande wa pili. Nikaukwangua, nikaufunga upya. Swichi haikuwa na kosa lolote.

Mwenzangu akaupiga ubao kwa kiganja, akacheka. "Ningebadilisha swichi bure!" alisema, akanishika bega mbele ya Sista.

Nilikuwa nimefurahi kuliko ilivyostahili kwa waya mmoja wenye kutu, na nilijua kwamba sehemu kubwa ya furaha ile ni kwa sababu yeye alikuwa amekosea. Nilikusanya spana zangu nikarudi nyumbani kwa miguu, nikipiga mluzi njia nzima.